Pamba Yenye Mnanaa

Siku ya kwanza Brashi aliposimamishwa kati ya zile reli mbili za chuma katika chumba cha mazoezi, alimtapikia mtaalamu wa mazoezi viatuni. Viatu vyenyewe vilikuwa raba nyeupe, mpya kabisa, na mwenyewe alikuwa amezivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kijana wa watu hakusema neno baya. Alimshika mgonjwa wake kwa mkanda wa kiunoni, akamrudisha kwenye kiti cha magurudumu, ndipo akatazama chini na kusema, "Basi, zimeshazinduliwa."

Brashi hakucheka. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Jina la Brashi alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, ya vinyozi na ya mafundi viatu, na herufi zake zilisimama wima bila msaada wa rula. Alikuwa akipanda ngazi na kopo la rangi limening'inia kwenye ndoano, akaandika huku anapiga mluzi. Siku aliyoanguka alikuwa anamalizia bango la duka la mikate. Mguu mmoja wa ngazi ulizama kwenye tofali bovu, ngazi ikaenda huku, yeye akaenda kule. Mfupa wa paja ukavunjika, na upande wa kichwa, juu kidogo ya sikio, ukagonga ukingo wa saruji.

Madaktari waliuunga mfupa kwa chuma, wakasema umekaa vizuri. Sikio ndilo lililokuwa na mambo yake. Daktari alimweleza kwamba ndani kabisa ya sikio ndimo mnamokaa kipimo kinachouambia mwili juu ni wapi na chini ni wapi, na chake kilikuwa kimetikisika. Kingetulia, ila hakikuwa na dawa ya kumeza ya kukiponya. Dawa yake ilikuwa mazoezi: kusimama, kugeuza kichwa, kutembea, hata kama kuta zinakwenda mbio.

Na kuta zilikwenda mbio kweli. Kila aliponyanyuka, chumba kilizunguka kama pia, paja likawaka, tumbo likapanda kifuani na jasho jembamba likamtoka. Alijaribu tena siku iliyofuata, akatapika. Akajaribu tena, akatapika kabla hata ya kushika reli. Dawa ya kichefuchefu aliyopewa ilimpa usingizi, akawa anasinzia kwenye mazoezi kama kuku mgonjwa. Mwishowe aligeukia ukuta akasema haendi tena. Mazoezi yenyewe yalikuwa yamemtokea puani.

Wakati huo ndipo mama mkwe wake alipowasili.

Mume wa Brashi alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na habari ya ajali ilimkuta yuko mbali, lori limejaa mzigo. Alirudi akakaa na mkewe hospitalini siku chache za mwanzo, halafu kazi ikamwita, akampigia mama yake simu. Mama akaja na kikapu kimoja na mto wake mwenyewe wa kulalia. Alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule aliyestaafu, mwembamba, mnyoofu, mwenye tabia ya kuvuta kola ya kila mtu aliyekaa karibu naye ili ikae sawa.

Brashi alipomwona mlangoni aliugua mara ya pili. Si kwamba walikuwa wakigombana, la. Waliheshimiana kupita kiasi, kila mmoja akimpa mwenzake kiti na chai na maneno mazuri. Tatizo lilikuwa mezani. Tangu aolewe, Brashi hakuwahi kumpikia mama yule chakula kikasifiwa. Mama alikuwa akitia chumvi kabla ya kuonja. Akionja, anaweka kijiko chini polepole na kusema, "Leo viungo umevisahau, mwanangu?" Au, "Mchuzi umependeza kwa macho." Brashi aliongeza vitunguu, akaongeza pilipili, akajifunza kupika upya kwa dada yake. Wapi! Safari moja macho ya mume yaligeuka mekundu kwa ukali wa pilipili, na mama bado alisema mchuzi hauna makali. Tangu hapo Brashi aliamini moyoni kwamba si chakula kilichokataliwa, bali yeye.

Sasa mwanamke huyo huyo ndiye angemshikia beseni.

"Habari ya mguu?" Mama aliuliza, akimnyoosha kola ya gauni la hospitali.

"Mguu upo, Mama. Ni mimi ndiye sipo."

 Mama alikalia stuli, akatoa shuka yenye mshono uliofumuka, akaanza kuishona.

*

Katika wodi ile kulikuwa na muuguzi mmoja mfupi, mcheshi, aliyetembea na kisanduku cha mbao chenye vichupa vyeusi. Wagonjwa walimwita Dada wa Mafuta. Alikuwa amesomea matumizi ya mafuta ya mimea yenye harufu, na hospitali ilimruhusu kuyatumia pamoja na matibabu, kwa wale waliokubali. Alifika kitandani kwa Brashi akakaa kwenye ukingo bila haraka.

"Nimesikia umegoma," alisema.

"Sijagoma. Nimestaafu."

"Haya, bibi mstaafu. Nikuonyeshe kitu, halafu ukitaka urudi kwenye pensheni yako." Akafungua kisanduku. "Haya mafuta hayaungi mfupa, na sikio hayalitengenezi. Nisikudanganye. Lakini kuna watu yanawapunguzia kichefuchefu, na mwili ukitulia hata maumivu yanalegea kidogo. Wengine hayawasaidii kitu. Tutajua kwa kunusa."

Alidondosha tone kwenye kipande cha pamba, akakishikilia chini kidogo ya pua ya Brashi. "Usivute kwa nguvu. Vuta kama mtu anayesikiliza."

Cha kwanza kilikuwa lavenda. Brashi akakunja uso. "Hii ni sabuni ya wageni, ile inayowekwa bafuni na hairuhusiwi kuguswa."

Cha pili tangawizi. "Hii inanikumbusha mafua."

Cha tatu kilikuwa mnanaa, na tone dogo la limau juu yake. Brashi alifungua mdomo aseme neno la kuchekesha, lakini neno halikuja. Akavuta tena. Ubaridi ulipita puani, ukashuka mpaka pale kifuani ambapo tumbo lilikuwa limekaa kama jiwe tangu alipoanguka. Jiwe halikuondoka. Lilisogea tu, kama mtu anayekupisha kwenye benchi.

"Hicho," alisema.

Kesho yake alikubali kurudi kwenye reli. Yule mtaalamu wa mazoezi, ambaye wagonjwa walimwita Bwana Taratibu kwa sababu hakumaliza sentensi bila neno hilo, alisimama mbele yake. Raba zake alikuwa amezisugua zikarudi nyeupe. Mama mkwe aliwekwa ubavuni na pamba mkononi, kwa maelekezo ya Dada wa Mafuta: isiguse ngozi, isikaribie mno, na ikizidi iondolewe.

"Taratibu," alisema Bwana Taratibu. "Nyanyuka. Macho yatazame ile saa ukutani. Taratibu."

Chumba kikaanza kuzunguka. Brashi akakaza meno. Mkono mkavu wa mshonaji ukasogea chini ya pua yake, na mnanaa ukafika. Akavuta kama mtu anayesikiliza. Kuta zilizidi kwenda, lakini tumbo lilibaki mahali pake. Alisimama, akatetemeka, akasimama. Paja lilimchoma mpaka machozi yakamtoka, ila machozi si matapishi, na Bwana Taratibu alishangilia kama timu yake imefunga bao.

Ikawa ndiyo desturi yao. Asubuhi walikwenda kwenye reli, mmoja akitembea na mwingine akirudi kinyumenyume mbele yake na pamba. Jioni, paja lilipowaka, Dada wa Mafuta aliyachanganya matone machache na mafuta laini ya nazi, akamfundisha Mama kumchua Brashi miguu na mikono, mbali na kidonda. Mama alichua jinsi alivyoshona, kwa mpangilio, bila kuruka mahali. Hawakuzungumza mengi. Lakini Brashi alikuwa akipitiwa na usingizi vidole vile vikiwa bado kwenye nyayo zake, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria hata ndotoni.

*

Mambo yaliharibika asubuhi moja ambayo wodi ilipokea wagonjwa wengi kwa mpigo. Dada wa Mafuta alipita mbio, akamwachia Mama kisanduku. "Mama yangu, leo nisaidie. Tone moja la mnanaa, tone moja la limau. Vichupa unavijua."

Vichupa vyote vilikuwa vyeusi, na maandishi yake madogo kama mchwa. Miwani ya Mama ilikuwa kwenye kikapu, na kikapu kilikuwa wodini. Alichukua kimoja, akakisogeza puani kama alivyomwona muuguzi akifanya, akatikisa kichwa kukubali, akadondosha.

Brashi alikuwa tayari katikati ya reli, ameachia mkono mmoja kwa mara ya kwanza. Pamba ikaja. Akavuta pumzi kwa imani yote, na karafuu kali, ile iliyowekwa kwa ajili ya kuchanganya dawa ya kuchua, ikampanda kichwani kama ngumi. Tumbo likapinduka. Mkono ukateleza, mguu mbovu ukapiga sakafu, na kama Bwana Taratibu asingemdaka angekwenda chini mzima mzima. Alitapika akiwa ameshikiliwa kwapani, analia kwa uchungu wa paja.

Alipopata sauti, alifoka. "Mama! Hata kunusa huwezi? Mtoto mdogo angejua hiyo si mnanaa!"

 Mama alisimama na ile pamba, akaitazama, kisha akaiweka juu ya meza na kutoka nje.

Brashi alirudishwa kitandani. Daktari akakagua mguu, akasema chuma hakijasogea, ni misuli tu iliyostuka. Maumivu yalipopungua, hasira nayo ikapungua, ikabaki aibu. Amemkaripia mama wa mumewe mbele ya watu. Alilala akiutazama mlango mpaka mlango ukafunguka.

Mama aliingia, akavuta stuli, akakaa. Hakuchukua mshono wowote.

"Nisamehe, Mama," Brashi alianza. "Nilikuwa na maumivu, ulimi ukaniponyoka."

"Ulisema kweli," alisema Mama. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kunusa. Sinusi kitu." Alisema huku akiitazama mikono yake. "Niliugua homa kali, muda mfupi kabla hujaolewa. Homa ikaondoka, pua haikurudi. Nilingoja, nikasema itafunguka kesho. Haikufunguka."

Brashi alijiinua kwenye mto, kizunguzungu kikampiga, akajilaza tena. "Miaka yote hii? Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Naishi peke yangu. Mwanangu angesema, mama hasikii hata harufu ya gesi, mama ataunguza nyumba, mama aje akae kwetu pembeni kwenye kona. Jiko langu ningenyang'anywa."  "Na harufu ikiondoka, mwanangu, chakula nacho kinaondoka. Kinabaki chumvi, na pilipili kwa mbali, basi. Vingine vyote ni kama kutafuna kitambaa."

Maneno yakachukua muda kumfikia Brashi. Yalipofika, alifumbua macho yote.

"Mama. Mchuzi wangu."

"Ndiyo."

"Wali wangu. Maharage. Yule samaki niliyeamka alfajiri kumpika!"

"Mwanzoni nilidhani ni wewe," alisema Mama. "Nilisema, masikini, mwanangu ameoa mtu asiyejua kupika. Kisha nikaona na kwangu ni vile vile, na kwa jirani vile vile. Lakini nilikuwa nimeshasema mengi. Nikaona nikianza kusifu ghafla utajua kuna jambo. Nikaendelea na ujinga wangu."

Brashi alitaka kukasirika. Alikuwa na haki, na hasira yenyewe alikuwa ameiweka akiba kwa muda mrefu. Lakini alipoitafuta alimwona tu mwanamke huyu mezani kwake, amezungukwa na watu wanaoramba vidole, akitafuna kitambaa peke yake na kuogopa kuulizwa. Halafu akamkumbuka mumewe na macho mekundu ya pilipili, na kicheko kikamtoka bila ruhusa. Akacheka mpaka paja likamwuma, akawa anacheka na kusema "aii, aii" kwa pamoja. Mama alimkazia macho, kisha mabega yake nayo yakaanza kutikisika. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akainua kichwa kuona kama ni kilio au nini.

"Ile pilipili karibu imuue mwanao," Brashi alisema akijifuta machozi.

"Kumbe ilikuwa kali?" Mama aliuliza, na wakaanza upya.

*

Dada wa Mafuta alipoambiwa, alimpeleka Mama kwa daktari wa pua na masikio siku hiyo hiyo. Daktari alimchungulia kwa taa, hakuona uvimbe wala kizuizi. Akasema homa ile iliumiza mishipa ya kunusia, na kwamba pua nayo hufanyishwa mazoezi: kunusa harufu zile zile chache, asubuhi na jioni, kwa utulivu, na akili ikikumbuka harufu hiyo ilivyokuwa. Hakuahidi kitu. Alisema baada ya muda mrefu hivyo, kwa wengine hurudi kidogo, kwa wengine hairudi.

Basi wakawa wagonjwa wawili. Asubuhi kabla ya reli, Mama alikaa kwenye stuli, amefumba macho, na sasa ni Brashi aliyemshikia pamba.

"Hii ni limau," Brashi alimwambia. "Rangi yake njano kali, ile ninayoandikia neno 'punguzo'. Ina ukingo, inakata."

"Sisikii kitu."

"Vuta kama mtu anayesikiliza. Hii nyingine mnanaa. Kijani, lakini ina nyeupe ndani, kama nimechanganya na rangi ya milango ya hospitali."

"Wewe binti una maneno," Mama alisema, bado amefumba macho. Lakini hakuwahi kukosa zamu, na miwani haikutoka tena puani mwake.

Brashi naye alisonga mbele. Aliacha reli, akapewa fremu ya kutembelea, akaanza kukatiza ukumbi. Kugeuza kichwa ndiko kulikomshinda zaidi. Bwana Taratibu alimtaka atembee huku akitazama kulia na kushoto kama anayevuka barabara, na siku nyingine alirudi kitandani amejikunja, pamba ameishikilia puani, hataki kusikia la mtu. Zilikuwepo siku ambazo mnanaa haukumsaidia hata chembe. Siku hizo Mama alimshikia beseni na mkono, akamfuta mdomo, na baadaye akamwambia, "Kesho tena."

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu, chai imepita, walipokuwa kwenye zamu yao ya kunusa. Brashi aliinama kumsogezea pamba, kitambaa cha kichwani kikateleza. Mama akakunja uso. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akainusa pamba, akaiweka kando. Akamwinamia Brashi kichwani.

"Nini, Mama?"

"Nyamaza." Akavuta pumzi tena. Uso wake ukafunguka. "Wewe! Kichwa chako kinanuka!"

"Mama!"

"Kinanuka jasho! Jasho na mafuta yaliyochacha!" Alisimama, amejishika mashavu. "Kinanuka, jamani! Njooni! Mkwe wangu ananuka!"

Wodi nzima ilikuwa inatazama. Brashi hakujua afurahi au ajifunike shuka. Ni kweli kwamba kwa sababu ya kidonda cha kichwani, kisha kwa sababu ya uzembe na hofu, nywele zake hazikuwa zimeona maji tangu alipoanguka. Kulaza kichwa nyuma ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote. Hapo ndipo dunia ilipokuwa ikimpindukia kabisa.

"Leo kinaoshwa," Mama alisema.

"Siwezi kulala chali nikalaza kichwa nyuma. Nitatapika."

"Nitakushika."

Dada wa Mafuta alisema kidonda kimekauka, hakuna ubaya. Wakaweka beseni kwenye kichwa cha kitanda, maji vuguvugu, shuka ya mpira chini. Brashi akaushika mkono wa muuguzi kwa upande mmoja, na pamba yenye mnanaa ikalazwa kifuani mwake, karibu na kidevu. Mama akaingiza viganja vyote viwili chini ya kichwa chake.

"Niachie uzito," alisema. "Wote. Usinisaidie."

Brashi akaachia. Dari likaanza kuzunguka, likaenda kasi. Akavuta mnanaa. Viganja havikusogea hata kidogo. Vilikishika kichwa chake mahali pamoja, kwa uthabiti wa mtu aliyepitisha vitambaa chini ya sindano maisha yake yote, na dari, baada ya kuhangaika, likaanza kupunguza mwendo. Likasimama.

Maji yakamwagika taratibu juu ya nywele. Vidole vikaanza kusugua, nyuma ya masikio, kwenye kisogo, kuzunguka kovu bila kuligusa. Mama alikuwa akiinama kila baada ya muda, ananusa, anasema, "Bado," kisha anasugua tena. Hakuna aliyemharakisha. Brashi alilia bila sauti, machozi yakaingia kwenye maji ya sabuni, na kama Mama aliyaona, aliendelea kusugua.

Aliponusa mara ya mwisho, alibaki ameinama pale juu, akavuta pumzi tena.

"Sabuni," alisema kwa sauti ndogo. "Nasikia sabuni. Kwa mbali, lakini naisikia."

*

Pua ya Mama haikurudi yote. Alikuwa akisikia jasho, moshi na sabuni, na limau kwa kubahatisha. Vingine bado vilimpita. Kizunguzungu cha Brashi nacho hakikuisha, kilipungua tu, kikawa kinamtembelea jioni akichoka. Bwana Taratibu alimpa mazoezi ya kufanya nyumbani na kumkataza ngazi mpaka atakapoambiwa. Mabango angeyaandika chini, ameketi, yapandishwe na wengine. Dada wa Mafuta alimpa kichupa cha mnanaa na onyo la kutokitumia ovyo.

Siku ya kutoka, mume alikuja kuwachukua na lori. Lilikuwa ndilo gari pekee alilokuwa nalo, naye alikuwa ameendesha bila kupumzika ili awahi, vumbi mpaka kwenye kope. Akamkumbatia mkewe kwenye mlango wa hospitali, magongo yake mapya yakiwa katikati yao. Kisha wote wakainua macho kuutazama mlango wa lori, ulioanzia usawa wa kifua cha Brashi.

"Nitakubeba," mume alisema.

"Umbebe na chuma kile pajani?" Mama alimkata jicho. "Hujafikiri hata kidogo. Na kabla hujambeba mtu nenda ukaoge, unanuka dizeli."

Mume akageuka kumtazama mkewe, amepigwa na butwaa. Kwa miaka mingi mama yake hakuwa amelalamika juu ya harufu yoyote.

"Ni hadithi ndefu," Brashi alisema. "Tuitie teksi."

Teksi ikaja. Mama akafungua mlango wa nyuma, akamsaidia Brashi kuketi akitanguliza mguu mzima, akaupanga mguu mbovu juu ya mto wake wa kulalia, kisha akazunguka na kuingia upande wa pili. Mume alipotaka kuketi mbele, akaulizwa ni nani atakayelirudisha lori.

"Wewe tufuate," Mama alisema, akafunga mlango. Akamgeukia mwenye teksi. "Baba, nenda polepole. Kwenye kona ndiyo kabisa, usimgeuze kichwa."

Gari likaondoka. Brashi akaegemea bega la Mama, akafumba macho kwa sababu ya kona iliyokuwa inakuja, na nyuma yao lori likafuata kwa mwendo wa kinyonga, taa zikiwaka mchana kweupe.